Soli za Sumaku za Dada Pokuaa

Dada yangu Pokuaa ni fundi cherehani hapa Kumasi, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Kisukari kilipomshuka miguuni, akawa analalamika kwamba anakanyaga makaa. Vidonge vya hospitali vilimtuliza kidogo, basi.

Ndipo akaja Brenya, mzee wa kanisa letu, akiuza soli za kutia kiatuni zenye punje za sumaku. Alimshika dada mguu akaupapasa kama anayechagua nyama buchani.

"Sumaku inaivuta damu mpaka ifike palipolala," alisema. "Usizivue ovyo, mama. Ukivua, nguvu inakatika."

Dada akawa halali bila viatu. Maumivu yakapungua, akasimama kanisani kutoa ushuhuda, na Brenya akaitikia amina kuwashinda wote. Kumbe miguu ilikuwa inakufa ganzi.

Harufu niliisikia nikimsaidia kupiga pasi. Nilidhani panya kafia kwenye vitambaa, nikavihamisha vyote.

"Dada, ni wewe unayenuka."

"Unuke mwenyewe! Mimi nimeoga."

Nikapiga magoti, nikamvua kiatu kwa nguvu. Soli ilitoka na ngozi. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo, usaha wa kijani umejaa, na ndani yake kipande cha sindano ya cherehani. Hakuwahi kukisikia kikiingia. Nilikimbilia uani nikatapika fufu yote niliyokula mchana.

Tukamwita Brenya. Akachungulia, akatabasamu.

"Uchafu unatoka huo! Sumaku inafanya kazi. Sasa anahitaji mkanda wa kiunoni."

Kidonda kile nilikizoea. Tabasamu lile mpaka leo linanitia kichefuchefu.

Dada akaiokota soli, inachuruzika, akamnyooshea.

"Itie kiatuni mwako, mzee."

"Aa, mama, mimi si mgonjwa."

"Itie! Au unaogopa uchafu wako?"

Brenya akarudi kinyumenyume, leso puani, mpaka nje.

Hospitali walimkata kidole gumba na cha pembeni yake. Sasa anashona kwa cherehani ya mkono, anameza vidonge vyake, na kila jioni namkagua nyayo kwa tochi. Miguu bado inamwaka.

Jumapili iliyopita nilimkuta Brenya nje ya kanisa, kachuchumaa, anamvisha soli bibi mmoja kipofu. Nilizichomoa nikazitupa mtaroni.

"Una wazimu wewe?" akafoka.

Nikamtemea mate miguuni, nikamshika bibi mkono, tukaenda zetu.