Pikapu ya Mikidadi Inalala Wapi

Mikidadi hamwamini mtu, na kwenye oili ndiyo kabisa. Muuzaji akimpa galoni atalitikisa, atakwaruza lakiri kwa kucha, atanusa kifuniko mpaka wateja wengine waanze kuguna. Akimaliza atasema, "Hii mmechakachua," halafu atainunua hiyo hiyo, maana hana pengine pa kwenda.

Msimcheke sana. Miaka sita iliyopita injini ya pikapu yake ilianza kugonga kwenye kona za Mgeta, ikafia hapo hapo na kabichi za watu zikiwa nyuma. Aliuza shamba la migomba ili apate injini nyingine ya mtumba. Shamba la pili hana. Ikifa na hii, kabichi atazibeba kichwani, na miaka hamsini na minane si umri wa kubeba kabichi kichwani.

Nani aliiua ile ya kwanza? Mikidadi alishakata shauri siku nyingi: ni fundi Hashimu wa Kihonda, aliyeiwekea oili feki. Ushahidi hana, ila ana uhakika, na kwake hayo mawili hayana tofauti. Cha ajabu, gari bado anampelekea Hashimu. "Mwizi ninayemjua namchunga," humwambia mkewe, Mwanahawa. "Nisiyemjua nitamchungaje?"

Sasa mtu wa hivyo hawezi kutangaza gari lake linalala wapi. Kila anayemuuliza mjini anajibiwa kwamba linalala Kihonda, kwa shemeji yake, ndani ya geti. Ukweli ni kwamba linalala Nyandira, juu kabisa milimani, chini ya dirisha lake mwenyewe. Wezi watahangaika sana Kihonda, na hilo humpa raha.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, gerejini kwake Kihonda, Hashimu alikuwa amelala chini ya pikapu anamwaga oili chafu, na Mikidadi amechuchumaa kando yake, hapepesi macho.

"Mzee, injini imechoka, na joto la huku unalijua," alisema Hashimu. "Tuweke nzito, ishirini-hamsini, kama siku zote. Nyepesi injini hii itaimeza yote."

"Mwenye duka anakupa chochote ukimuuzia hiyo nzito?"

Hashimu alirudisha nati ya chini, akaikaza. Ameshazoea. Alijivuta akatoka uvunguni. "Asubuhi inasumbua kuwaka?"

"Nani kakwambia?"

"Nauliza tu, mzee. Ukiwasha, taa ya oili inachelewa kuzimika?"

Inachelewa. Siku hizi Mikidadi anatoka na mzigo taa bado inawaka, kwa kuwahi soko. Lakini alipoona fundi amemkazia macho alijua huo ni mtego, pengine anataka kumuuzia pampu mpya ya oili.

"Haichelewi," alisema.

Hashimu alifungua mlango atafute kitambaa cha kufutia mikono. Akaingiza mkono nyuma ya kiti.

"Usiguse huko!" Mikidadi alipiga kelele, lakini blanketi lilishatoka, zito, jekundu, lina madoa ya oili na pembe moja imeungua.

"Hili la nini?"

"La kulalia."

Hashimu aliligeuza, akaitazama ile pembe, kisha akaitazama injini. "Mzee, mimi nimezaliwa Kihonda. Sijawahi kuona injini inafunikwa blanketi huku."

Injini ilikuwa tupu, haina tone la oili. Galoni la oili nzito lilikuwa pale miguuni, limeshafunguliwa. Mikidadi aliangalia getini, akaangalia mafundi wengine, akashusha sauti mpaka Hashimu akalazimika kuinama.

"Inalala Nyandira."

"Tangu lini?"

"Tangu ninunue gari lenyewe."

Hashimu alikaa juu ya tairi. "Mzee, Nyandira mwezi huu hata maji ya kunawa hayashikiki. Oili hii kwenye baridi ile inakuwa asali. Unawasha, unaondoka na mzigo kabla haijapanda juu, vyuma vinasagana vikavu kila asubuhi ya Mungu. Ungeniambia, ningekuwekea kumi na tano-arobaini, ile ya dizeli, nyepesi kiasi, na ningekukataza kuondoka kabla taa haijazima."

"Na ile injini ya kwanza?" Mikidadi aliuliza, ingawa jibu alishalipata.

"Ile niliiwekea oili safi kabisa. Nzito, kwa ajili ya joto la kwa shemeji yako."

Aibu ilimpanda Mikidadi mpaka masikioni. Miaka sita alikuwa akimwita fundi muuaji, kumbe muuaji ni yeye aliyekuwa akigeuza ufunguo kila alfajiri.

Hashimu alifunga lile galoni taratibu, akalisogeza pembeni. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mikidadi.

"Pale sokoni, mzee," fundi alisema, "uliwaambia watu wangapi kwamba mimi ndiye niliyeua injini yako?"

Mikidadi aliitazama mikono yake.

"Wote," alisema.