Shimo Moja, Mche Mmoja

Bibi shamba wetu hapa Bashay hupita alizeti ikiwa na majani manne. Akishasalimia shikamoo, anavua viatu na kuingia shambani. Vidole vya mikono yake ni vifupi, vya kijani mpaka kwenye kucha. Kila shimo lenye miche miwili anang'oa mmoja, kisha anashindilia udongo kwa kidole gumba cha mguu. "Shimo moja, mche mmoja," anasema, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Ikibanana, vichwa vinakuwa vidogo, mafuta hakuna." Sisi tunaona uchungu kung'oa kitu kilichokwisha kuota; yeye hasiti.

Juzi alikuwa kwa jirani yangu mama Tekla, aliyemzika mumewe wiki iliyopita. Walipofika mwisho wa mstari, mama Tekla akasimama. "Hapa ndipo baba Tekla alipofukia mbegu za mwisho. Kesho yake akalazwa." Palikuwa na miche miwili imeegemeana. Mama Tekla akainama mwenyewe aung'oe mmoja, maana ndivyo tulivyofundishwa. Bibi shamba akamshika mkono. Akachuchumaa, akaisogezea udongo yote miwili, akaupigapiga taratibu kwa kiganja.

"Shimo hili, mama, mimi sijaliona," akasema, akaenda kuchukua viatu vyake.