Mama Alipoketi Chini Kucheza

Wazazi wakiniletea mtoto asiyezungumza hapa Nakuru, mimi huwaambia waketi sakafuni wacheze naye. Wengine hukasirika. Wamefunga safari kuja kupata dawa, wanapewa kijiwe cha kuchezea! Nawaambia ketini tu. Hilo sikulipata chuoni.

Nililipata Molo, wakati wa Emajensi, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapigania uhuru waliojificha misituni. Mama alikuwa kibarua wa kuchuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu. Baba alikuwa ameingia msituni, na mara mojamoja alitokea nyuma ya nyumba kuchukua chakula. Mdogo wangu alikuwa amemwona. Askari nao walikuwa na ujanja wao: waliwapa watoto peremende, kisha wakawauliza kwa upole baba yuko wapi. Mtoto wa jirani alijibu, na nyumba yao ikachomwa.

Basi mama akaanza kumziba mdogo wangu mdomo. Akitamka "ba" tu, kiganja kiko usoni. Anayetaka kumlaumu shauri yake, mimi siwezi. Lakini mtoto hakujua ubaya uko wapi. Aliacha neno lile, akaacha na mengine yote, hata maji akawa anaomba kwa kuvuta sketi. Niliogopa, jamani. Niliona tunampoteza huku tunamtazama.

Nikaanza kumchezesha. Nilificha kijiwe katika ngumi moja, nikamuuliza kiko wapi. Aligonga ngumi, kimya. Nikamwomba mama aketi nasi, akanifokea. Kwetu mtu mzima hakucheza na mtoto. Watu wangesema hana kazi, au akili zimemruka. Sikuacha kumsumbua.

Jioni moja ya mvua aliketi chini, mikono bado inanuka pareto, akachukua kijiwe. Akajifanya kimempotea. Akakitafuta kwenye kitambaa chake cha kichwa, akakitafuta masikioni mwa mtoto, mpaka mwenyewe akacheka. Tangu baba aondoke sikuwa nimesikia kicheko chake.

"Kiko hapa," mdogo wangu akasema, akimshika mkono.

Baada ya hapo hakunyamaza. Maji, mbuzi, mvua, vyote vilimtoka, na mwishowe, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, akasema Baba. Kiganja cha mama kiliinuka. Kikafika karibu na mdomo wa mtoto. Halafu akakishusha, akakiweka pajani.

"Wacha aseme," akaniambia. "Wakija, watanikuta mimi."

Askari walikuja kabla mvua hazijaisha. Mdogo wangu aliwajibu yote waliyomuuliza kuhusu baba, vizuri kabisa, na mama akachukuliwa kikapu cha pareto kikiwa bado mgongoni. Nilimshika mtoto mkono, tukasimama kando ya barabara. Lori lilipoanza kuondoka, mama alimwita kwa jina lake, akamwita tena, na kila mara mdogo wangu alimwitikia.