Mpiga Taipu wa Ogembo

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Hapana, sitini na nane, kwa maana Kemuma alikuwa ameshamaliza shule, na baba yake, Mzee Jethro, alikuwa anamtafutia nafasi ya kusomea uuguzi, wiki mbili baada ya siku ya mwisho ya kupokea maombi kupita. Mpiga taipu wa sokoni Ogembo, aliyemwandikia barua hiyo ya Kiingereza, alikuwa na vidole vyembamba vyenye wino na sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani. Kila alipofikia neno la kuomba, aliinua mikono juu ya mashine, akamtazama mwenye barua.

"Andika must," Jethro alisema. "Lazima wamchukue."

"Mzee, ukienda kuposa, unabisha mlango kwa rungu?"

Akapiga could kindly, yaani tafadhali mngeweza, akasoma, akatikisa kichwa, akaichomoa karatasi nzima na kuanza upya: could still possibly, yaani bado labda mngeweza.

"Kindly huandikwa na kila mtu," alisema. "Still inakiri kwamba tumechelewa. Possibly inamwachia mkubwa nafasi ya kukubali bila kuonekana ameshindwa."

Kemuma akachukuliwa. Tangu hapo Jethro hakushuka sokoni bila mkungu wa ndizi wa kumpa mtu yule. Na kila alipoutua alimwuliza jambo lile lile: "Ndugu yangu, wewe ulimwomba nani, ukamwomba nini, mpaka ukajua kuomba hivi?" Naye mpiga taipu alipuliza vumbi kwenye herufi na kumwita anayefuata.