Maandishi ya Wareno Niliyoyapiga Lipu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu ziwekeni kwanza. Nnasema mara moja.

Siku ya kwanza kazini nlivaa viatu vipya. Ujinga. Tulikuwa tunaitengeneza husuni moja, ngome ya hapa Maskati, waliyoijenga Wareno walipotutawala. Mimi, Mwomani wa kuzaliwa Unguja, sikusoma ila Kurani chuoni, basi nikapewa chekeche. Saruji ya kuta zile si ya mfuko. Ni udongo unaochomwa, ukapondwa, ukachekechwa, ukachanganywa na chokaa. Ikibaki na chenga, lipu hupasuka. Msimamizi wetu, mwanamke mkali wa Sidab, akaipima yangu kwa vidole, akaiona laini.

"Ummu Salim, hii saruji au unga wa mandazi?"

Akanipandisha kwenye lipu.

Juu ya mlango mmoja palikuwa na maandishi ya Wareno yamechongwa kwenye jiwe. Kila nikipita nlikuwa nikiyageuzia uso. Siku moja nikachukua mwiko, nikayafunika yote. Nlidhani nimefanya la maana.

Muhandisi akaniita. Alikuwa Mwelisi, nchi yao iko ubavuni mwa Uingereza, na Kiarabu chake cha kuokoteza. Nikasema moyoni leo nafukuzwa, na mume wangu, Baba Salim, yuko kitandani mgonjwa, hana wa kumlisha ila mimi.

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Hawa walituua."

Hakufoka. Akatoa picha ya ngome kubwa ya mawe, minara minene, mto chini yake.

"Hii iko kwetu. Mfalme wa Waingereza katushinda, kisha kaijenga hii atukalie kichwani. Bibi yangu akipita hapo alikuwa akitema mate. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzisafisha kuta zake."

"Huoni haya?"

"Nnaipenda. Nzuri, itazame! Na ikianguka, nani atajua tulifanywa nini?" Kisha akaniuliza, "Kwenu Unguja hakuna husuni?"

"Ipo."

"Kajenga nani?"

Nikatazama viatu vyangu. Tuliijenga sisi, watu wa Omani, tulipokwenda kuwatawala wenzetu kule.

Akanishikia ndoo ya maji, nami nikaikwangua lipu kwa kijiti, herufi moja moja, kabla haijakauka. Tulimaliza alasiri, mikono yake imejaa lipu kama yangu.

Baadaye nlipelekwa husuni za bara, huko ndani ya Omani, mpaka nikawa mimi ndiye wa kuipima saruji kwa vidole. Muhandisi aliporudi kwao aliniachia picha ile. Nimestaafu, magoti yamekwisha, lakini nikipita chini ya mlango wowote wa zamani bado nagusa ukuta.

Mwezi uliopita tumehamia Mabela, nje kidogo ya mji. Mjukuu wangu Raya akaishika picha ile. "Bibi, gofu la watu hili tunalitaka la nini?"

Nikawaita wote sebuleni. Nikawaambia: "Litundikeni hapo, na mtafute picha ya husuni ya Unguja, iwe kando yake, sawa kwa sawa. Mgeni akiuliza, mwambieni tulivyotawaliwa na tulivyotawala, msiruke hata moja. Kisha mpeni kahawa."