Kocha wa Gombani kwenye Jamvi la Karafuu

Nilikuwa kidato cha pili, Tanga, nilipomwona Chidi, yule Mnigeria, akipiga kichwa kilichotikisa wavu na sisi sote uwanjani. Picha yake niliikata gazetini nikaibandika ukutani. Sasa nimepita arobaini, na miguu yangu bado haitulii nyumbani. Niliposikia kuwa anafundisha timu Pemba, na kwamba ameisha kabisa, nilikataa kuamini. Nikafunga begi.

Bandarini Mkoani tuliteremka melini asubuhi. Njia nzima hadi Chake Chake kila baraza ilikuwa na bendera ya chama chake cha siasa, lakini harufu ilikuwa moja tu, ya karafuu.

Saa nne nilikuwa Gombani. Mlinzi wa uwanja aliniambia kuna mechi alasiri ile, na timu ikifungwa, kocha anaondoka.

"Mbona hawapo mazoezini?"

"Mazoezi, msimu huu?" Akacheka. "Vijana wote wako juu ya mikarafuu. Kocha kenda Ole, achambua."

"Achambua nini?"

"Karafuu, bwana! Pamoja na kinamama."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikapanda pikipiki.

Kijijini Ole, saa sita. Nilimkuta uani kwa Bi Mkasi, mama wa nahodha, amekaa jamvini kati ya wanawake, akitenga karafuu na vikonyo vyake. Kile kichwa nilichokibandika ukutani kilikuwa kimefunikwa kanga ya mtu kwa ajili ya jua. Nilisimama nimeganda.

"Kaa basi, mgeni," Bi Mkasi akasema. "Watuzibia jua, karafuu hazikauki."

Kisha akanieleza. "Alikuja na ukali wake, eti asiyefika mazoezini hachezi. Nikamwambia, baba, karafuu hazimngoji kocha. Wamtaka mwanangu alasiri, chambua fungu lake."

Kinamama wengine walisikia, kila mmoja akaleta fungu la mwanawe. Kumi na moja.

"Na vidole vyake vizito kama vya bwana harusi, havijui kazi!" mmoja akadakia. Uani wakaangua kicheko.

"Uwanja mzima uliniimba," Chidi akaniambia. "Hapa naitwa mvivu."

Saa kumi wachezaji walikuja Gombani wote, mikono imekolea rangi ya karafuu. Walifungwa moja bila, mwishoni kabisa. Hawajavua hata viatu, kiongozi mmoja wa timu akamwambia Chidi kazi imekwisha. Kiongozi yule hakumpa hata mkono. Mimi nilishindwa hata kumsogelea Chidi.

Kesho yake asubuhi nilirudi Ole kuwapa kinamama habari ile. Nikapigwa na butwaa mara ya pili: Chidi alikuwa jamvini, kanga kichwani.

"Si wamekufukuza?"

"Kwenye timu. Hapa bado mafungu mawili."

Safari hii hakuna aliyemtania. Bi Mkasi alimsogezea chai, akanitazama mimi. "Na wewe vidole si unavyo?"

Nilichambua hadi nusura meli iniache.

Barazani kwetu bado wananiuliza kama kweli Chidi ameisha. Nawapa ile picha ya gazeti. Miaka yote nilikitazama kichwa. Siku hizi naitazama mikono.