Zamu ambayo Mama hakupewa

Juzi, kando ya ziwa, nilimwona mama mmoja akianika ndagala, wale samaki wadogo, mbali na wenzake, amebeba mtoto mkubwa asiyeweza kutembea. Nikamkumbuka Mama.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, mchanga wa ziwani ulikuwa wa moto, unanuka samaki. Wanawake walilinda ndagala kwa zamu ili wengine wapumzike. Mama alilinda zake peke yake, na mdogo wangu Amani, miaka saba bila kutembea wala kusema, mgongoni.

"Mama Amani, bakia huko! Niko na mimba, sitaki kuzaa kama wewe," jirani alisema. Wenzake wakacheka.

Nilidhani wanamwachia nafasi kubwa kwa heshima, nikajivuna. Kumbe walimkimbia kama ugonjwa! Mama alisinzia akiwa amesimama. Kunguru wakashuka kwenye samaki wake, na hakuna mwanamke aliyeokota hata kijiwe.